Sensa ya mwelekeo kwenye boti: kabla ya kushika drili, tafuta mahali

Wenye boti wa Kirumba na Igombe, hapa Mwanza, wanaotaka kufungiwa sensa ya mwelekeo, yaani kifaa kinachoonyesha mbele ya boti inatazama wapi, huniuliza kwanza wanunue aina gani. Mimi huwauliza kwanza waya wa pampu umepita wapi. Sensa nyingi za siku hizi hufanya kazi kwa namna moja: ndani mna vipimasumaku vidogo vinavyosoma uga wa sumaku wa dunia, na vihisi vya mwendo vinavyosahihisha hesabu boti inapolala au kuinuka kwenye mawimbi. Tofauti kubwa ya kazi nzuri na mbovu hutokana na mahali ulipoifunga.

GPS haiwezi kushika nafasi ya sensa hiyo. GPS inajua boti inasogea kuelekea wapi, haijui omo, yaani mbele ya boti, inatazama wapi. Zima mashine katikati ya Ghuba ya Mwanza, upepo ukusukume ubavu: skrini itaonyesha unaelekea magharibi, kumbe omo inatazama kaskazini. Otopailoti (usukani unaojiendesha) ikitegemea hesabu hiyo itayumba, na picha ya rada haitakaa sawa juu ya ramani. Ziwa letu mara nyingi hupiga radi na mvua usiku kuelekea alfajiri, na boti inayotoka Ukerewe saa hizo inahitaji kujua omo iko wapi hata ikiwa imesimama.

Sasa hesabu ninayopenda kumwonyesha kila mteja. Nguvu ya uga wa dunia hapa Mwanza ni kama mikrotesla 33. Waya mmoja ulionyooka, unaopitisha ampea 10, ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye sensa, unazalisha mikrotesla 20. Yaani pampu ikiwaka tu, sensa inaona dunia ya pili kando yake. Usogeze waya huo mita moja, zinabaki mikrotesla 2. Na ukisokota waya wa chanya na wa hasi pamoja, uga wa mmoja unaufuta wa mwenzake karibu wote. Boti nyingi ninazozikuta nyaya zake zimetenganishwa: chanya imepita ubavu wa kulia, hasi imerudi ubavu wa kushoto, na sensa imekaa katikati. Hapo mimi huanza kwa kupitisha nyaya upya, hata kama mwenye boti anaona napoteza muda wake.

Kupata mahali hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua dira ndogo ya mkono, iweke pale unapokusudia kufunga, na ungoje sindano itulie. Kisha mtu mmoja awashe kitu kimoja kimoja: pampu, taa, redio, mota ya kunyanyulia mashine. Sindano ikicheza, hama. Halafu isogeze dira taratibu kila upande, kama nusu mita, ukiishika mwelekeo uleule. Sindano ikigeuka ghafla kuna chuma karibu: mnyororo wa nanga chini ya sakafu, sanduku la vifaa, misumari iliyopigwa kwenye mbao, au spika kubwa ya muziki, ambayo sumaku yake ni adui mkubwa kuliko vyote. Ninapendelea mahali pa chini, karibu na katikati ya boti, pasipoyumba sana na pasipoweza kufikiwa na mtu wa kushusha nanga.

Kwa boti ya chuma ushauri wangu ni mwingine. Usiifunge ndani ya mwili wake. Ipandishe juu kwenye mlingoti, au nunua dira ya setilaiti yenye antena mbili, ambayo haitegemei sumaku hata kidogo.

Skrubu ziwe za shaba au stenlesi (chuma kisichoshika kutu) nzuri. Nenda dukani na sumaku ndogo uzijaribu, maana ziko stenlesi zinazonasa. Siku ya kufunga, sumaku hiyo iache nyumbani. Mshale wa sensa uwe sambamba na mstari wa katikati ya boti.

Kwenye NMEA 2000, mtandao wa kuunganisha vifaa vya boti, nyaya ni tano: nyekundu chanya, nyeusi hasi, nyeupe na buluu za data, na waya mtupu wa kinga. Kebo kuu hupita boti nzima, sensa huungwa kwa kiungio cha T na tawi lisilozidi mita 6. Kila mwisho wa kebo kuu una rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 120. Kabla ya kuwasha, zima umeme na upime kwa mita ya kupimia omu kati ya nyeupe na buluu. Ukisoma karibu omu 60, endelea. Ukisoma 120, rezista moja haipo. 40, kuna mtu ameongeza ya tatu. Kipimo hiki cha dakika moja huokoa siku nzima ya kutafuta tatizo. Weka fyuzi kwenye chanya inayolisha mtandao, na kinga uiunge na hasi mahali pamoja tu.

Usawazishaji wa sensa hufanywa vitu vyote vikiwa vimeshafungwa. Toka asubuhi mapema ziwa likiwa limelala, nenda mbali na magati na meli za chuma, zungusha boti polepole kwa kasi moja, dakika mbili au zaidi kwa mzunguko, mpaka skrini ikubali. Kisha shika njia iliyonyooka bila upepo, linganisha na GPS, geuka urudi njia hiyohiyo ulinganishe tena. Kumbuka sensa inatoa kaskazini ya sumaku. Tofauti na kaskazini halisi iwekwe mahali pamoja tu, kwenye skrini au kwenye sensa, isiwe kote kuwili. Washa pampu na taa zote ukitazama namba. Ikihama digrii mbili tatu, rudi kwenye nyaya.

Mashine mpya, betri ya ziada au spika nyingine ikiingia, mzunguko urudiwe kabla boti haijabeba abiria.