Paradiso ilianza na ukuta wa udongo

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Isevya, Tabora, kiko chini ya mwembe, na juzi hapakuwa na Simba wala Yanga. Ubishi ulikuwa juu ya gesti mpya iliyoandikwa "Paradiso" mlangoni. Kijana mmoja akasema hilo ni neno la mapadri, Kilatini. Mzee aliyekuwa anangoja kikombe cha pili akamkatiza: "Mjukuu wangu, hiyo ni Firdausi. Kiarabu hicho, kimo kwenye Kurani."

Wote wawili walikosea, tena kosa moja. Firdausi imo kweli kwenye Kurani, mara mbili: Al-Kahf aya ya 107 na Al-Muuminun aya ya 11. Ila Waarabu nao waliliazima neno, kama Walatini walivyoliazima kwa Wagiriki. Mwenye mali ni Mwajemi wa kale. Katika Kiavesta, lugha ya maandiko ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, "pairi" ni kuzunguka, "daeza" ni ukuta. Basi pairidaeza ni mahali palipozungushiwa ukuta. Hapana mbingu hapo, hapana hata ua la waridi.

Na ukuta wenyewe ni wa udongo. Mzizi wa daeza ni kukanda, kufinyanga. Mzizi huohuo ndio uliowapa Waingereza neno la donge la unga wa mkate. Kwetu hili halihitaji maelezo marefu: mama anakanda unga, fundi anakanda udongo kisha anakandika ukuta. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ukapapase kuta zake. Ukiniuliza mimi, hapo uko karibu na neno paradiso kuliko kwenye kalenda yoyote yenye picha ya ufukwe.

Wengi hudhani pia kwamba tangu mwanzo paradiso ni pahali pa wafu wema. Xenophon, askari Mgiriki aliyemfuata Koreshi Mdogo, mwanamfalme wa Uajemi, mwaka 401 KK, anaeleza kwamba katika mji wa Kelainai Koreshi alikuwa na paradeisos (ndivyo Wagiriki walivyolitamka neno hilo) kubwa iliyojaa wanyama pori, akiwinda humo juu ya farasi kila alipotaka kujinyoosha viungo. Yaani kitalu cha uwindaji! Nalo neno letu kitalu limepita njia ileile. Zamani lilikuwa ukuta wa mawe wa kuzungushia shamba, likawa bustani ya miche, leo wawindaji wanagawiwa vitalu porini. Ningepewa kazi ya kutafsiri pairidaeza, ningeandika kitalu bila kuuliza mtu.

Aliyelipandisha neno juu ni mfasiri. Torati ilipogeuzwa kuwa Kigiriki kule Aleksandria, karne ya 3 KK, bustani ya Edeni iliitwa paradeisos, na baadaye neno likahamia akhera.

  

Neno letu wenyewe, peponi, ndilo lililotuchelewesha kijiweni. Kijana alidai halifai, eti limetoka kwa pepo wabaya. Pepo na upepo ni ndugu wa shina moja la Kibantu, na maana ya kale ya shina hilo ni upepo, baridi. Ubaya unatoka kwenye kivumishi. Kwa anayeishi Tabora mwezi wa Oktoba, mvua bado, jua linachoma bati, kupaita pahali pa raha kwa jina la upepo si kosa hata kidogo.

Mzee hakuridhika mpaka nilipomwambia kwamba katika Agano la Kale la Kiebrania neno paradiso, kwa umbo la pardes, limo mara tatu tu, na mojawapo ni Nehemia 2:8. Biblia yetu imeandika "msitu wa mfalme". Mtunzaji wake anaitwa Asafu, na Nehemia anaomba waraka wa kumpelekea ili apewe miti ya kujengea malango.

"Kumbe," mzee akasema, "paradiso ina bwana misitu, na mbao hutoki nazo bila kibali."