Je, wajua kwa nini Kiingereza kinadai "a" hapa na "the" pale?

Chukua sentensi mbili: "A dinosaur was dug up at Tendaguru. The dinosaur now stands in Berlin." Tendaguru ni kilima cha mkoani Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa kati ya 1909 na 1913. Mnyama ni yuleyule, lakini kwanza kapewa "a", kisha "the". Kwa nini?

Kwa sababu mwandishi anapima msomaji anajua nini. Kwenye sentensi ya kwanza msomaji hajui ni dinosaria yupi. Kwenye ya pili ameshatajiwa. Wasimulizi wetu hufanya vivyo hivyo: "Paliondokea mzee mmoja", na baadaye "mzee yule". Ndivyo vineno hivi vilivyozaliwa pia: "a" na "an" vimetokana na neno la kale la Kiingereza lenye maana ya moja, na "the" imetokana na kioneshi, yaani neno la kuonyesha kama "yule".

Kuna kipimo kingine ambacho walimu wengi hawakitumii, nacho ni kizuri zaidi: kiambishi cha yambwa, yaani kile kipande cha kitenzi kinachosimama badala ya kitu kinachotendwa, kama "i" ya "nimeinunua". "Nimenunua baiskeli" kwa kawaida ni "a bicycle". "Nimeinunua baiskeli", ile tuliyokuwa tukiizungumzia, ni "the bicycle". Kipimo hiki kitumie kwa vitu tu. Kwa watu kinadanganya, maana twasema "nimemwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui.

Si lazima kitu kiwe kimetajwa ndipo kipate "the". Abiria wanaosubiri kwenda Msangamkuu wakisikia "The ferry is late", hakuna atakayeuliza ni kivuko kipi. Mazingira yameshajibu. Vivyo hivyo jua na mwezi: "the sun", "the moon".

Asili ile ya moja inaeleza pia makosa yanayojirudia kwenye madaftari. Kisichohesabika hakipokei "a", hivyo "an advice" na "a furniture" ni makosa. Sema "some advice", au "a piece of advice" ukitaka kuhesabu. Kazi ya mtu mmoja, kinyume chake, huidai: "She is a nurse". Sisi husema "ni muuguzi" bila nyongeza, ndiyo maana "a" hiyo husahaulika sana.

Wingi wa jumla haupewi kitu. "Cashews grow well in Mtwara" ni habari ya korosho zote. "The cashews are wet" ni zile za kwenye gunia lililo mbele yetu, na mnunuzi akisikia hivyo atataka kulifungua. Anayeandika "The cashews grow well in Mtwara" anamfanya msomaji ajiulize: korosho zipi hizo?

Kuchagua kati ya "a" na "an" ni suala la sikio, si la herufi: "an hour" kwa kuwa h haitamkwi, "a university" kwa kuwa neno linaanza na sauti ya "yu", "an MP" kwa kuwa M hutamkwa "em".

Majina ya mahali yanataka kukaririwa tu. Mito na bahari huchukua "the": the Ruvuma, the Indian Ocean. Miji, maziwa na nchi nyingi hapana: Lindi, Lake Nyasa, Tanzania. Nchi zenye majina ya wingi huchukua: the Comoros, the United States.

Sehemu inayowachanganya hata waliobobea ni shule na hospitali. Mwanafunzi "goes to school"; mzazi aliyeitwa kikaoni "goes to the school", maana yeye anakwenda kwenye jengo tu, si kusoma. Kwa Mwingereza, mgonjwa aliyelazwa Ligula yuko "in hospital", na ndugu aliyempelekea uji yuko "at the hospital". Mmarekani husema "in the hospital" hata kwa mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo usimsahihishe.