Mfumo Endeshi Upi Uwekwe Kwenye Kompyuta ya Nyumbani?

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo, swali tunaloulizwa mara kwa mara kitengoni kwetu ni hili: kompyuta yangu ya mezani bado nzima, je, niitupe? Hapana, usiitupe. Lakini usiiache hivyohivyo, kwa sababu mfumo usiopata masasisho ya usalama hubaki na mianya ambayo wadukuzi wameshaijua.

Anza kwa kuipima mashine. Windows 11, toleo lililofuata, inadai RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, nafasi ya GB 64, prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, na TPM 2.0, yaani kijenzi cha kutunza funguo za usalama. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter. Ukiambiwa TPM haipo, usikate tamaa mapema. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ipo, ila imezimwa katika mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoamsha kompyuta kabla ya Windows. Kikwazo kigumu ni prosesa: karibu zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hazimo.

Mashine ikikidhi, weka Windows 11. Ikikataa, Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, ni chaguo la kweli, wala si la wataalamu peke yao. Kwa nyumba ambayo kazi zake ni intaneti, video na barua za kawaida, mimi hupendekeza Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, bila kusita. Ni ya bure, na menyu yake iko kona ya chini kushoto, pale ambapo mtumiaji wa Windows amezoea kuitafuta.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaijaribu kabla ya kuisakinisha. Pakia Mint kwenye flashi kwa programu kama Rufus, washa kompyuta kwa flashi hiyo, kisha ikague: sauti inatoka? Wi-Fi inashika? Chapisha ukurasa mmoja, na skani mwingine, maana printa na skana ndizo husumbua zaidi. Kasi usiihukumu hapo. Flashi huenda polepole kuliko diski. Fungua pia nyaraka zako za Word katika LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, hasa zenye majedwali, uone kama mpangilio umevurugika.

Anayeishi kwa Photoshop, au kwa michezo ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, abaki na Windows. macOS haina mjadala mrefu: huja na kompyuta za Apple, na leseni yake hairuhusu kuiweka kwenye nyingine.

Ukishaamua, nakili faili zako kwenye diski ya nje, uichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue picha mbili tatu kuhakikisha zimefika. Kisha ichomoe kabisa kabla ya kuanza kusakinisha. Kisakinishi huonyesha kila diski iliyochomekwa, na anayechagua kufuta diski nzima kwa haraka anaweza kufuta hiyohiyo yenye nakala.