Kompyuta inajua unachotaka?

Wengi huamini kwamba zana ya mtandaoni inayotoa modeli ya mwenendo wa programu (mchoro wa hali inazopitia na matukio yanayoihamisha) kutokana na malengo yaliyoandikwa huelewa nia ya mwandishi: taja unachotaka, upate programu isiyo na kosa. Si ajabu kuamini hivyo. Michoro yake hupendeza.

Kumbe zana hufuata kilichoandikwa tu. Chukua mashua za abiria kati ya Lamu na Mokowe. Ukiandika lengo moja, "mashua isiondoke ikiwa imezidisha abiria", basi modeli ambamo mashua haiondoki kamwe inalitimiza barabara! Abiria wamekaa gatini hadi magharibi, na kompyuta inasema sawa. Ndiyo maana lengo la kuzuia baya huhitaji mwenzake, la kuhakikisha jema linatokea hatimaye: aliyelipa nauli avushwe. Bahari ikichafuka, lengo hilo nalo huenda likagongana na la usalama, na hapo waamuzi ni watu.

Kujihakikishia hakutaki utaalamu. Chora viduara vya hali: imefungwa gatini, inapakia, inavuka. Viunganishe kwa mishale ya matukio, kisha vipitie kwa kidole ukijiuliza: nikifika hapa, natokaje? Mwonyeshe na nahodha. Huenda akauona mshale uliousahau kabla yako.