Dadu Haiamui Vita Peke Yake
Wapo wachezaji wengi wanaoamini kwamba katika michezo ya video ya kuigiza uhusika, ambamo mashambulizi mengi huamuliwa na dadu, mshindi ni mwenye bahati tu. Dhana hiyo si sahihi, na Baldur's Gate 3, mchezo uliotoka mwaka 2023, unaonyesha kwa nini.

Chukua mpiga upinde anayehitaji kupata 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20: uwezekano wake wa kupata shabaha ni asilimia 50. Akipanda kwanza juu ya paa, mchezo humwongezea alama 2, hivyo 9 inamtosha na uwezekano unafika asilimia 60. Na iwapo amejificha adui asimwone, hurushiwa dadu mbili na kuhesabiwa iliyo kubwa, jambo linalofikisha uwezekano huo asilimia 84. Dadu ni ileile. Kilichobadilika ni maamuzi ya mchezaji kabla ya kuachia mshale. Bado anaweza kukosa, na akikosa inauma kweli. Lakini yapo pia makombora ya kichawi yasiyohitaji dadu ya kulenga hata kidogo, na adui aliyebakiwa na uhai mdogo ndiye wa kuwekewa hayo.