Lifti ya valvu sio nafasi ya tapeti jamani

Hii ya "nimeset lifti ya valvu 0.08" sasa naisikia kila gereji, na wanaoisema sio vijana wanaojifunza tu, ni mafundi wenye mikono mizuri kabisa. Hiyo 0.08 mm kwenye pikipiki ya Honda CG125 na pikipiki za Kichina zilizoiga injini yake ni nafasi ya tapeti, injini ikiwa imepoa. Valvu, ile milango ya injini ya kuingiza hewa na kutoa moshi, ikiinuka 0.08 peke yake pikipiki haiwaki, sukuma mpaka jioni.

Lifti ni umbali ambao valvu inatoka kwenye siti yake (pale inapokalia ikifunga) mpaka mwisho wa kufunguka. Ni hivyo tu. Ni milimita kadhaa, unaiona kwa macho hata bila kifaa.

Nafasi ya tapeti ni uwazi mdogo kati ya roka (ule mkono unaoisukuma valvu) na ncha ya valvu wakati valvu imefunga, unaachwa ili chuma kikipata moto na kurefuka, valvu bado ikae vizuri kwenye siti. Ni kama kitasa chenye mchezo, unakizungusha kidogo kabla mlango haujaanza kufunguka, sasa ule mchezo wa kitasa sio upana wa mlango. Nafahamu mkanganyiko unatoka wapi, ile skrubu ya roka inagusa vyote viwili. Ila inagusa kinyume na mnavyodhani: ukilegeza tapeti, yaani nafasi ikawa kubwa, lifti inapungua, haiongezeki, na valvu inachelewa kufunguka na kuwahi kufunga. Kwa hiyo yule anayelegeza "ili ivute hewa zaidi" anainyima hewa na kujiongezea kelele juu.

Halafu kuna lifti ya nundu ya kamshafti (ule mti unaozunguka, nundu zake ndizo zinafungua valvu), hii nayo watu wanaibandika kwenye valvu moja kwa moja. Unachukua vernia, unapima urefu wa nundu, tuseme 32.5, unatoa kipenyo cha ile sehemu ya duara, 27.5, unabaki na 5 mm (wengine hata kutoa hawatoi, wanasoma 32.5 wanakwambia ndio lifti, hao tuwaache). Hiyo 5 ni ya nundu. Kama roka inazidisha mara 1.5 basi kwenye valvu ni 7.5, toa nafasi ya tapeti 0.08 unapata 7.42. Na hiyo bado ni hesabu ya karatasi, pushrodi (vile vijiti vinavyopeleka msukumo wa nundu kwenye roka) zinapinda kidogo, roka zimelika, kwa hiyo namba ya kweli inapimwa kwenye valvu yenyewe.

Kuipima weka dayo geji (ile geji ya sindano ya kupimia mwendo mdogo), ncha yake ikae juu ya sahani ya springi, na ilale sambamba na mti wa valvu, hapa ndipo wengi wanaharibu, geji ikikaa upande inasoma namba ya uongo na wewe unaiamini kwa sababu sindano imetulia. Valvu ikiwa imefunga weka sifuri, zungusha krenki kwa mkono polepole, soma pale sindano inapogeukia kurudi, endelea mpaka valvu ifunge tena uone kama imerudi sifuri. Haijarudi, geji imesogea, anza upya. Kwenye tapeti za oili, zile zinazojirekebisha zenyewe kwa oili, usipime hivihivi, springi inaikandamiza tapeti na oili inavuja ndani, lifti inasoma pungufu, ndio maana watu wanafunga springi laini za kupimia kwanza.

Na lifti ikiwa kubwa usidhani valvu inagonga pistoni pale ilipofunguka mwisho, saa hiyo pistoni iko mbali chini. Zinakaribiana pistoni ikiwa karibu na juu kabisa, valvu ya ekzosti (ya moshi) inafunga na ya inteki (ya hewa) ndio inaanza kufunguka. Pima hapo.

Sasa kaka uliyenunua kamshafti "ya lifti 7", nakuomba tu umuulize muuzaji ni saba ya wapi, ya nundu au ya valvu, maana saba ya nundu kwa roka ya 1.5 ni 10.5 kwenye valvu, na springi yako ya kiwandani inaweza kubanana koili kwa koili kabla haijafika huko. Fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya tapeti, haitakuonyesha hilo.