Mafuta ya CBD: kwa nini kilichomo kwenye chupa si kile kinachofika kwenye damu

Juzi mama mmoja wa Mikindani aliniwekea juu ya kaunta kichupa cheusi chenye kidondoshi. Ndugu yake alimtumia kutoka Ulaya kwa ajili ya kijana wake mwenye kifafa. Tangu siku hiyo maswali hayaishi dukani, ya watu wa hapa Mtwara mjini na ya wanaopiga simu kutoka Nachingwea. Nimeyakusanya yale yanayorudi mara kwa mara. Mimi ni mfamasia, mmea wenyewe sijawahi kuulima.

Hii CBD ni bangi au siyo bangi?

Jina lake kamili ni kanabidioli. Mmea wa bangi una kemikali za ukoo huo zaidi ya 100, na hii ni mojawapo. Inayolewesha ni ndugu yake, THC. CBD haikupandishi kichwani namna hiyo. Kazi yake iliyothibitishwa vizuri zaidi ni kwenye aina chache za kifafa sugu cha watoto. Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD iitwayo Epidiolex kwa ajili ya kifafa cha Lennox-Gastaut na cha Dravet. Hayo mengine unayosikia, sijui inatibu kisukari, sijui inaondoa saratani, ni maneno ya muuzaji.

Kwa nini wanasema ukiimeza, sehemu kubwa inapotea?

Kwa sababu inapotea kweli. Ukimeza miligramu 100 bila chakula, zinazofika kwenye damu ni kama 6 hivi.

Chukua glasi ya maji, dondoshea mafuta ya kula. Yanaelea juu, hayachanganyiki. CBD ni mtu wa mafuta, na tumbo lako limejaa maji, kwa hiyo sehemu kubwa inapita utumboni bila kuyeyuka na kutoka ilivyoingia. Kile kidogo kinachofyonzwa nacho hakiendi moja kwa moja mwilini. Damu kutoka utumboni lazima ipite kwanza kwenye ini, na ini linaivunja dawa kabla haijafika popote. Mkulima wa korosho hahitaji maelezo marefu hapa: bei inayotangazwa mnadani siyo inayoingia kwenye akaunti yake, kuna makato. Ini ndilo linalokata makato.

Basi niinywe na nini?

Na chakula chenye mafuta. Ilipopimwa Epidiolex, watu walioinywa pamoja na mlo wa mafuta mengi walipata kwenye damu mara 4 ya walioinywa tumbo tupu. Mafuta yanaita nyongo, nyongo inayavunja kuwa vitone vidogo, na CBD inajificha humo. Halafu kuna jambo zuri zaidi: mafuta ya namna fulani yakishafyonzwa husafiri kwa mishipa ya limfu badala ya mshipa unaoelekea kwenye ini. Dawa inapita njia ya panya, makato yanapungua.

Na Epidiolex yenyewe imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta. Ndiyo, ufuta huuhuu unaojaza maghala ya Lindi kila msimu.

Dawa mseto ya malaria nayo ina tabia hiyo. Lumefantrini iliyomo ndani yake hufyonzwa hadi mara 16 zaidi ukiinywa na chakula cha mafuta. Ndiyo maana ukija na cheti cha malaria nakuuliza kwanza umekula nini, na ukisema chai kavu nakutuma ukanunue maziwa au korosho. Watu huona kama namwingilia mtu mambo yake.

Tahadhari moja kwa mgonjwa wa kifafa: usichanganye mitindo. Leo na wali wa nazi, kesho na uji mtupu, keshokutwa hujala. Kiwango kwenye damu kitapanda na kushuka, na degedege hupenda siku zile kinaposhuka. Chagua namna moja, ifuate kila siku.

Chini ya ulimi je? Kuvuta? Kupaka?

Chini ya ulimi inasifiwa kwa kuwa damu ya mdomoni haipitii ini kwanza. Ni kweli, ila mafuta hayakai pale. Baada ya dakika mbili mate yamejaa, umemeza, umerudi kulekule tumboni. Ukivuta mvuke inafika haraka na kwa wingi zaidi, lakini mapafu ndiyo yanayolipa, na mtoto wa kifafa humpi kitu cha kuvuta. Ya kupaka huishia kwenye ngozi ya juu. Labda ngozi yenyewe inafaidika, ila ubongo haupati kitu.

Nimeona chupa imeandikwa "nano". Ni ulaghai?

Si lazima. Mama, fikiria tui la nazi. Nazi ina mafuta, na bado tui ni jeupe na laini, huoni mafuta yakielea, kwa sababu yamegawanyika vitone vidogo sana vilivyoshikiliwa na protini ya nazi yenyewe. Wanasayansi wanafanya hivyohivyo na CBD, ila vitone vyao ni vidogo mara nyingi zaidi. Vikiwa vidogo, utumbo unavifyonza upesi na hutegemei sana mlo wa mafuta. Wengine huifungasha kwenye vifuko vidogo vya mafuta, wengine kwenye molekuli za sukari zenye umbo la pete. Shida ni kwamba tui hukatika, nawe jikoni unaliona. Chupa ikikatika ndani huko, neno "nano" linabaki kwenye lebo vilevile.

Matone matano kwa siku yanatosha?

Nilipiga hesabu na yule mama juu ya karatasi ya dawa. Chupa yake: miligramu 1,000 ndani ya mililita 30. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo tone moja ni chini kidogo ya miligramu 2, na matone matano hayafiki 10. Epidiolex huanza na miligramu 5 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni 100. Ili afike hapo, chupa nzima ingeisha ndani ya siku 10, na hiyo ni dozi ya kuanzia tu.

Siwezi kuchemsha majani mwenyewe kwenye mafuta ya ufuta?

Hapana. Utapata THC, hutajua dozi, na sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inakataza hata kumiliki majani hayo.

Nikishaipata, niache vidonge vya kifafa?

Usithubutu. Kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Halafu CBD hugombana na dawa nyingine: ikikutana na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ini linaweza kuumia, wafarini ya kuzuia damu kuganda inaweza kuzidi kwenye damu, na rifampisini ya TB inaipunguza CBD yenyewe. Daktari lazima ajue.

Yule mama nilimuuliza vidonge vya fenobabitoni vya kijana viko wapi. Akatoa bahasha kwenye mkoba. Haikuwa imepungua hata kidonge kimoja tangu kichupa kifike. Nilimwita bodaboda, wakaenda kliniki asubuhi ileile.